Karanga za Jumatatu

Mshauri mpendwa,

Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeichana, kwa sababu kila nikianza najikuta najitetea, na safari hii sitaki kujitetea, nataka niseme kilichotokea halafu wewe uniambie la kufanya, maana zimebaki siku tisa tu na mimi usingizi umenihama na chakula hakipiti.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tano, naishi North York, hapa Toronto, Kanada, nimestaafu baada ya kuuza miwani kwa miaka thelathini na moja. Nilizaliwa Tabora katika familia ya Kiismaili yenye duka la vitambaa, tukaondoka Tanzania mwaka 1973 nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kiswahili sijakiacha, nakizungumza na wazee wenzangu tukitoka jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, siku ya Ijumaa, na ukurasa wako huu nausoma kila wiki, tena huwa nacheka sana mambo ya watu, nawaambia rafiki zangu hebu muone huyu alivyojitia matatani, na sasa leo ni mimi, na wao watasoma, na naomba wasinijue.

Dada yangu Nilofar ana binti, Tazmin, ana miaka thelathini na mbili, ni mwandishi wa televisheni. Miaka yote amekuwa akiandika vipindi vya watu wengine, na mwaka huu kwa mara ya kwanza amepewa tamthilia yake mwenyewe, sehemu sita, kuhusu familia kama yetu iliyotoka Tabora ikaja kuanza upya hapa Toronto, na ameitoa kwa kumbukumbu ya bibi yake, yaani mama yangu, aliyetutoka miaka minne iliyopita. Tazmin Kiswahili anakielewa vizuri lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo akaniomba niwe mtu wake wa Kiswahili, nimwandikie maneno ambayo watu wa Tabora wa wakati ule wangeyasema. Nilifurahi mno. Nilinunua daftari jipya, nikanunua na kalamu.

Siku moja tumekaa jikoni kwangu tunakunywa chai, akaniambia sehemu ya kwanza inaishia pale familia inapoondoka, na kwamba mtazamaji lazima aone yaya wa nyumba anawaaga. Sisi tulikuwa na yaya, Kalunde, na habari zake Tazmin alizisikia tangu mdogo. Akaniuliza, "Anko, siku mnaondoka Kalunde aliwaambia nini?" Mimi nikaanza kusema alisikitika sana, alilia, akanikatiza, akasema usinipe hotuba, nipe kitu kidogo kimoja ambacho nikikiona nitaamini. Basi nikampa. Nikamwambia Kalunde alisimama mlangoni, akavua khanga yake mabegani, akanifunika nayo, akasema, "Huko kuna baridi, mwanangu. Nendeni salama, msitusahau." Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Tazmin aliweka kalamu chini akalia, akanikumbatia, akauliza kama hiyo khanga bado ninayo, na mimi, Mungu anisamehe, nikainuka nikaenda kabatini nikamletea khanga ambayo marehemu mke wangu aliinunua Dar es Salaam tulipokwenda kutembea mwaka 2011.

Mshauri, hakuna hata neno moja la kweli katika hayo. Lakini kutoka siku ile tamthilia nzima imejengwa juu ya ile khanga. Katika sehemu ya sita yule mtoto ameshakuwa mzee, yuko hospitali, na binti yake anamfunika nayo. Watu wanaotoa fedha za kutengeneza tamthilia waliposoma walisema hapo ndipo walipokubali.

Anayeigiza Kalunde ni mama wa Kikongo, Goretti, kutoka Uvira, anaishi mtaa wa Parkdale, kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba moja ya wazee, na hajawahi kuigiza popote isipokuwa michezo ya Pasaka kanisani kwao. Tazmin alimchagua kati ya wanawake arobaini. Mimi nilipewa kazi ya kumnyoosha Kiswahili chake, aseme kama mtu wa Tabora. Ni mtu mpole, anajua kuchekesha, na anafika kabla ya kila mtu.

Siku ya kusoma muswada mimi na waigizaji wote tulikaa kuzunguka meza moja ndefu, kila mtu na karatasi zake. Goretti alisoma vizuri mpaka kwenye kuaga. Alisoma nusu, akaweka karatasi mezani. Akanigeukia mimi, si Tazmin, mimi, akauliza, "Papa, huyu mama anataka nini?" Nikamwambia anataka familia ifike salama. Akasema, "Ile ni kitu ba-patron, benye nyumba, banataka. Mi nauliza yeye." Akaendelea, kwa upole kabisa, "Ni mama nani? Iko na batoto?" Nikasema Kalunde alikuwa kama mama yetu. Watu wote mezani walitabasamu. Goretti hakutabasamu, alinitazama kidogo, kisha akaokota karatasi akamalizia kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya umeme.

Wakati wa mapumziko nilimkuta penye birika la chai, ameishika ile khanga, anaisugua kati ya vidole. Akasema, "Papa, hii kikwembe hawajaifua hata siku moja." Akaikunja vizuri, akanikabidhi. "Mi balishaniacha, Papa. Mutu mwenye banaacha habariki mutu." Halafu akajimiminia chai yake akaondoka, na mimi nilibaki pale na khanga mikononi, uso unawaka moto kana kwamba nimezabwa kibao.

Sasa ukweli wenyewe. Kalunde aliingia kwetu nikiwa na miaka miwili. Alinibeba, alinilisha, alinitibu surua. Hatukumtendea vibaya, nataka ulijue hilo, hakuna aliyempiga wala kumtukana, alikuwa na sahani yake na kikombe chake mwenyewe cha bati, kwenye rafu ya chini karibu na bomba, na hakuna mtu mwingine aliyekigusa, na Jumapili zote zilikuwa zake. Jumamosi jioni alikwenda kwao, ng'ambo ya reli, na Jumatatu tukiamka tunamkuta keshawasha moto.

Mwaka ule baba aliamua tuondoke kimya kimya. Majirani waliambiwa tunakwenda harusini Dar es Salaam. Tiketi za treni zilikuwa za Jumapili, na mama alisema Kalunde asiambiwe, kwa sababu akijua Kalunde soko zima limejua. Jumamosi ile jioni alisimama kwenye mlango wa jikoni anafunga mzigo wake mdogo, na nadhani alikuwa ameanza kushuku, maana mapazia yalikuwa yameshushwa, eti yanafuliwa, na masanduku yalikuwa chini ya vitanda. Alitazama chumba, akanitazama mimi. Akaniuliza kama alivyoniuliza kila Jumamosi, "Jumatatu nikuletee nini?" Mama alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kulia, na yeye angeelewa. Nikasema, "Karanga za kuchemsha, zile za chumvi. Nyingi." Kalunde akacheka, akasema, "Hilo tumbo lako." Na ile shaka ikamtoka usoni, niliiona ikitoka. Akaenda zake. Mama akanipapasa kichwa akasema nimefanya vizuri.

Na hili ndilo sijapata kumwambia mtu, hata mke wangu. Sikuwa na huzuni. Nilijivuna. Nilijua kabisa kwamba ni zile karanga zilizomtuliza, kwamba ningesema tu "sitaki kitu" asingeamini, na mtoto wa miaka kumi na mitatu nilijiona hodari. Kwa hiyo Tazmin aliponiambia nimpe kitu kidogo kimoja atakachokiamini, hakuwa ananifundisha jambo jipya. Nilikuwa nalijua tangu siku ile.

Wiki iliyopita nilimweleza Nilofar. Akasema mama amelala, niache alale, na hii ndiyo nafasi ya kwanza ya mwanawe na huenda isirudi. "Isitoshe," akasema, "Kalunde mwenyewe hayupo kukanusha." Na nikuambie aibu yangu, maneno yale yalinifariji.

Lakini juzi Tazmin amenipigia simu, anasema Goretti kwenye ile sehemu ya kuaga amekauka, hayupo, na kwamba yuko mama mwingine aliyekuja kwenye majaribio, anaweza kuchukua nafasi. Akaniuliza nionavyo mimi. Nikasema nitafikiria. Nilijua kwa nini Goretti amekauka, nikasema nitafikiria. Ni kitendo kile kile, mshauri, kwenye mlango ule ule, ila sasa mama hayupo nyuma kunitazama.

Wanapiga picha ile sehemu ya kuaga Alhamisi ya wiki ijayo. Nikisema, nimebomoa kazi ya mtoto wa dada yangu na nimewafedhehesha wazazi wangu makaburini, na Tazmin atajua kwamba anko wake alimletea khanga ya uongo akamtazama analia. Nisiposema, Goretti atafukuzwa, au atabaki na atalazimishwa kutubariki. Naomba unishauri, na usinionee haya.

Mwenye Aibu,
North York

*

Ndugu yangu wa North York,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, na jibu hili naliandika nikiwa na vyote viwili, kwa hiyo kaa chini.

Tuanze na huruma ili tusiisahau baadaye. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyeambiwa na mama yake aseme uongo, akausema, mimi simhukumu. Wakubwa walimtwika mzigo wao mdomoni na yeye akaubeba. Hata kule kujivuna kwake namsamehe, watoto hujivuna kwa kila kitu wanachosifiwa. Kwa hiyo huyo mtoto mwache aende akacheze. Ugomvi wangu ni na yule mzee wa kalamu mpya na daftari jipya, aliyekaa jikoni kwake mwenyewe, hakuna mtu nyuma yake, akaulizwa swali la moja kwa moja na mtoto anayempenda, akainuka kwenda kabatini. Kwenda kabatini ni hatua ngapi? Ulikuwa na nafasi ya kugeuka katika kila moja.

Halafu unaniandikia kwamba hamkumtendea vibaya, alikuwa na kikombe chake mwenyewe cha bati. Unaniambia kama vile mlimpa zawadi. Ndugu yangu, hicho kikombe kilikuwa chake kwa sababu ninyi msingekunywa baada yake, na unalijua hilo, mimi nalijua, na kila msomaji wa ukurasa huu aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba ya mtu analijua. Na tukiwa hapo hapo, kilikuwa ndani mlipofunga mlango. Umewahi kulifikiria hilo? Jumatatu ile hata kikombe chake hakuwa nacho.

Jambo jingine, na hili ndilo lililonipandisha hasira. Mwanamke aliyekulea, mkubwa kwako kwa miaka mingi, barua nzima unamwita Kalunde. Jina tupu. Hakuna mama, hakuna bibi, hakuna dada. Ulipokuwa mdogo ulisikia wazazi wako wanamwita hivyo ukaiga, sawa. Sasa una mvi na bado unamwita kama unamtuma maji. Goretti hakujua lolote la nyumba yenu, lakini swali lake la pili lilikuwa hilo: ni mama nani? Wewe umeishi naye miaka kumi na mmoja na hujui kama alikuwa na mtoto. Unajua alipokwenda, ng'ambo ya reli, kwa sababu ndiko alikopotelea machoni pako. Zaidi ya hapo unachokijua ni kile alichokufanyia wewe.

Mimi si mtu wa televisheni, lakini tamthilia nazitazama mpaka chai inapoa, na nitakuambia ninachokijua kama mtazamaji. Kila mtu kwenye hadithi anataka kitu. Tajiri anataka, mwizi anataka, hata mlinzi wa geti kwenye tamthilia nzuri utaona anataka zamu iishe akalale. Ukiona mtu yupo kwenye hadithi na hataki kitu chochote, kazi yake ni kuwabariki wengine na kuwafunika khanga, basi huyo hakuandikwa, aliwekwa pale wenye nyumba wajisikie vizuri. Goretti alilitambua hilo kwa kusoma nusu ukurasa. Tazmin hakulitambua kwa sababu alikuamini, na hilo ni kosa lako, si la kipaji chake.

Dada yako Nilofar anasema hayupo wa kukanusha. Mwambie yupo. Alikaa kwenye meza yenu, akaweka karatasi chini, akauliza maswali mawili kwa adabu. Mkamwona amekauka.

Sasa la kufanya, na ulifanye kwa mpangilio huu, usiniletee mpangilio wako.

Leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, mpigie Tazmin. Usianze na Tabora. Anza na Goretti. Sema, "Usimwondoe, yeye yuko sahihi, aliyekosea ni mimi." Hilo kwanza, kwa sababu ndilo lisilongoja, na kwa sababu kuna mama mmoja Parkdale anayekaribia kupoteza kazi kwa kukataa uongo wako. Hayo mengine yamengoja miaka hamsini, yanaweza kungoja mpaka umfikie nyumbani. Kisha nenda kwake, ukamwambie yote, na umwambie kwa Kiswahili. Umesema anakielewa. Hadithi hii ilitokea kwa Kiswahili, na wewe ukiisema kwa Kiingereza utaipaka mafuta, nakujua. Mwambie na habari ya kujivuna. Usiiache hiyo.

Atakasirika. Mwache. Atasema umemharibia, na kwa siku mbili tatu itakuwa kweli. Usimwambie namna ya kutengeneza sehemu ya sita, hiyo ni kazi yake na anaijua kuliko wewe. Mwandishi akipewa ukweli zikiwa zimebaki siku chache atakutukana, halafu atakaa chini kuandika. Kama baadaye atakushukuru, vizuri, na asipokushukuru usiende kuomba.

Baada ya hapo panda tramu mpaka Parkdale ukamwone Goretti, wewe mwenyewe, si kwa simu. Mwambie jina la yule mama na mwambie ilivyokuwa. Na nakuomba sana usilie. Ukilia ataacha alichokuwa akifanya akubembeleze, maana kubembeleza wazee ndiyo kazi yake wiki nzima, na wewe utarudi North York umepata nafuu na yeye amechoka zaidi. Kama kuna la kulia, lilie kwenye tramu. Wala usimwombe msamaha kwa niaba ya mtu mwingine, yeye si Mama Kalunde. Muombe msamaha kwa lililo baina yako na yeye: ulinyamaza walipotaka kumwondoa. Na kile Kiswahili chake acha kukinyoosha. Kwa maswali aliyouliza mezani kwenu, mimi naona kimenyooka kuliko chako.

Ile khanga irudishe kabatini. Ni ya mke wako, mpe heshima yake.

Kuhusu aliyelala kaburini. Mama yako alikuwa na hofu, alikuwa na watoto na mume na treni ya Jumapili, na katika hofu ile alifanya jambo baya. Mambo hayo yote mawili yanaweza kuonekana kwenye televisheni bila yeye kudhalilika. Kinachomdhalilisha ni kumfanya mtu aliyehitaji kubarikiwa na mwanamke aliyemtupa. Mwambie Nilofar hivyo, na akikununia mpelekee biriani.

Kisha tafuta. Tabora ipo, watu wapo, simu zipo. Uliza wazee wa mtaa uliokuwa wenu, uliza ng'ambo ya reli, kuna mtu atamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi kwa Wahindi wa duka la vitambaa. Huenda amefariki. Huenda ana wajukuu wanaoijua hadithi ya Jumatatu ile vizuri kuliko wewe, kwa sababu wao waliisikia kutoka upande wa nje wa mlango. Usiende kuomba wakusamehe. Uliza kitu kimoja tu, alikuwa mama nani, na wakikuambia, mwombe Tazmin aliandike jina hilo mwanzoni mwa tamthilia, karibu na la bibi yake. Na kuanzia leo, hata kabla hujampata, sema Mama Kalunde. Itakupalia mwanzoni, utazoea.

Sasa hiyo sehemu yenyewe ya kuaga. Haipo, ndugu yangu. Hakuna aliyeaga. Ndiyo maana hukuweza kuijaza ila kwa kuzua. Kilichopo ni Jumamosi, ile ya karanga, na kila neno lake unalijua. Halafu ipo Jumatatu. Jumatatu hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo, kwa hiyo daftari lako lifunge, usimwandikie neno hata moja. Mwanamke anafika alfajiri kwenye nyumba yenye kufuli, ana mzigo mkononi. Mwacheni Goretti asimame pale. Atajua la kufanya, na kama atasema kitu, atakisema kama anavyosema yeye.

Wewe una kazi moja tu siku hiyo ya Alhamisi. Nunua karanga mbichi zenye maganda, zichemshe nyumbani kwako kwa chumvi. Nyingi, kama ulivyoagiza. Zifunge kwenye kitambaa zikiwa bado na joto, ufike studio mapema kuliko Goretti, umkabidhi azishike atakapopiga hodi. Kisha rudi nyuma usimame na wengine utazame mpaka mwisho. Wakimaliza mtu atazipitisha ili kila mmoja ale, ndivyo inavyokuwa. Wewe usile hata moja. Zako zililetwa Jumatatu ile, na hukuwepo.